Mita ya pikipiki: usinunue kwanza

Mwanangu,

Assalaamu alaykum. Hapa Wete sote wazima, alhamdulillah. Nimeusoma ujumbe wako kwamba mshale wa mita ya spidi umelala kwenye sifuri, na fundi wa huko Nungwi kakwambia ununue mita nzima. Usitoe pesa bado, baba. Mita hushukiwa mwisho.

Mita ya pikipiki yako ni ya waya. Ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la mbele, mna kigia kinachouzungusha waya, na waya unapanda ndani ya mpira wake mpaka kwenye mita. Huko juu unazungusha sumaku iliyo karibu na kikombe cha aluminiamu kilichoshika mshale. Havigusani kabisa, na aluminiamu hainasi kwenye sumaku, lakini sumaku ikizunguka inazalisha umeme mdogo ndani ya kikombe, na umeme huo ndio unaokivuta. Springi nyembamba kama unywele inakizuia, na pale nguvu mbili zinapolingana mshale husimama. Kazi nzuri mno, na haihitaji betri.

Basi tazama tarakimu za kilomita. Zikiwa zinasonga na mshale umelala, waya ni mzima na fundi wako kasema kweli. Zikiwa zimeganda nazo, fungua nati ya waya nyuma ya mita, tia stendi ya kati, inua gurudumu la mbele, mwenzako alizungushe kwa mkono nawe utazame ncha ya waya. Ikizunguka, ubovu uko kwenye mita. Isipozunguka, fungua na kule chini uuchomoe waya.

Uliokatika utautambua mara moja. Ukiwa mzima, zishike ncha zake uziangalie kwenye mwanga. Zina pembe nne. Zikilika zikawa mviringo, zinateleza tu ndani ya tundu. Na huko ufukweni chumvi huingia ndani ya mpira, waya ukashika kutu. Mshale unaotikisika kabla ya kufa mara nyingi ni waya mkavu au uliopindwa.

Lakini uliniambia mita imekufa baada ya kuziba pancha ya mbele, na mimi nashuku hapo hasa. Kigia kina masikio mawili ya kukaa kwenye nafasi zake ndani ya habu. Gurudumu likirudishwa kwa haraka na ekseli ikakazwa kabla masikio hayajaingia, yanapindika au yanavunjika. Kigia peke yake ni spea ndogo, bei yake si ya mita.

Ukirudisha waya, upake grisi kidogo, na sehemu ya juu, kiasi cha shibiri moja, iache kavu. Grisi ikipanda ndani ya mita, utaiua kweli.

Mpaka hapo nenda taratibu. Sauti ya injini inadanganya, na wakati wa magharibi watoto wanavuka barabara pale Kidoti wakitoka chuo cha Kurani. Siku ya kubadilisha oili nayo iandike, maana kilomita hazihesabiki tena.

Ukishalifungua gurudumu, nipigie picha ya hayo masikio unitumie kabla hujaenda dukani. Mama yako anakusalimu, anauliza kama utakuja wakati wa karafuu.

Baba yako