YAH: Malalamiko Kuhusu Urejeshaji wa Nakala Rudufu na Kufungwa kwa Tiketi Yetu

Ndugu Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,

Masharti ya mkataba wetu mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia. Ninaandika kwa sababu mtaalamu wenu wa zamu aliifunga tiketi yetu ya kuomba msaada kwa neno "Imetatuliwa" huku jedwali la malipo likiwa halina hata safu moja, nami nikiwa bado ninamwandikia.

Yeye ndiye aliyetuelekeza tulifute jedwali hilo kwenye nodi, yaani seva, zote sita za klasta yetu ya hifadhidata ya Cassandra, tuliunde upya, kisha tuyarudishe mafaili ya nakala rudufu katika folda yake ya awali. Tulitii. Jedwali likiundwa upya hupewa kitambulisho kipya, na jina la folda yake huishia na kitambulisho hicho. Mafaili yaliyoachwa katika folda ya zamani hayasomwi, hata seva izimwe na kuwashwa mara mia. Nilimtumia picha ya skrini inayoonyesha folda mbili zinazoanza kwa jina moja, ya kwanza imejaa mafaili na ya pili ni tupu. Hakuifungua. Alijibu hivi: "Data yenu haipo. Pengine hamkuwahi kuihifadhi."

Kuihifadhi ilikuwa kazi yenu, nayo ndiyo tunayoilipia kila mwezi.

Kabla ya hapo, mwenzake wa zamu ya jioni alikuwa ametushauri tuijaribu nakala hiyo kwenye nodi nne kwa kunakili mafaili tu, kana kwamba mgawanyo wa tokeni, ambao huamua nodi ipi inamiliki safu ipi, hauna maana. Safu nyingi ziliangukia kwenye nodi zisizozimiliki na hazikuonekana. Zana ya sstableloader, ambayo hupeleka kila safu kwenye nodi inayostahili, hakuitaja kabisa.

Naomba nirudie lile la mtaalamu aliyeifunga tiketi alfajiri, maana sidhani kama limeeleweka. Ilikuwa saa kumi, nimekesha kwa muda wa saa tisa, ninaandika sentensi ya kumwomba atazame jina la folda, na kabla sijaituma kisanduku cha maandishi kikageuka kijivu: "Tiketi imefungwa." Chini yake niliulizwa ningeipa huduma yenu nyota ngapi. Mtu aliyeniambia data yangu haipo alitaka nyota!

Tuliyahamishia mafaili kwenye folda mpya sisi wenyewe, tukatoa amri ya nodetool refresh, inayoiambia Cassandra isome mafaili yaliyowekwa upya, kwenye kila nodi, na data "isiyokuwapo" ikarudi yote.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai radhi ya maandishi pekee. Sasa ninadai pia turudishiwe ada ya mwezi huu, na urejeshaji wa nakala ufanyiwe majaribio mbele yetu kila baada ya miezi mitatu, kwa mwongozo ulioandikwa na mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Nisipopata jibu ndani ya siku 7, tutasitisha malipo, tutahamisha data yetu kwa mtoa huduma mwingine, na kumbukumbu za tiketi hiyo, pamoja na neno "Imetatuliwa", zitakabidhiwa kwa wakili wetu.

Picha ya zile folda mbili nimeiambatisha tena. Safari hii ifungueni.

Wasalaam,
Msimamizi wa Hifadhidata