Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Jumamosi 12 na Captain Marvel

Ndugu wanachama,

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Kazi yetu kubwa mwaka huu ilikuwa moja. Tumeonyesha Adventures of Captain Marvel, sinema ya mfululizo ya shujaa mwenye nguvu za ajabu, iliyotolewa na kampuni ya Republic mwaka 1941, sehemu zote 12, moja kila Jumamosi, kama watoto wa Marekani walivyoitazama enzi hizo.

Najua baadhi yenu mlikasirika. Mlitaka tuimalize kwa siku mbili, kamati ikakataa, nami nasimama na kamati. Picha hii ilitengenezwa ikatiwe patamu. Sehemu ya pili inaishia stelingi kazirai, mkanda wa mashine unampeleka taratibu kwenye gilotini. Ukiwasha ya tatu papo hapo, unaona wembe unavunjika shingoni mwake na unasahau. Ukilala nayo siku saba, unabishana. Na tulibishana! Hasa juu ya Scorpion, yule adui mwenye barakoa, kwa kuwa tunajua ni mmoja wa wataalamu walewale waliogawana lenzi za sanamu ya nge wa dhahabu, ile silaha ya ajabu anayoitaka. Kuna mwenzetu alikuwa hajakanyaga ukumbini siku nyingi. Alirudi kwa ajili ya swali hilo tu.

Vijana waliniuliza kuhusu neno Shazam analotamka kijana Billy Batson ili ageuke Captain Marvel. Ni herufi za majina sita, na ya kwanza ni Solomon, yaani Nabii Suleiman, anayempa hekima. Waliobaki ni wa hadithi za Wagiriki na Warumi.

Lililonigusa mimi ni kuruka kwa Captain Marvel. Kompyuta hazikuwapo. Ndugu wawili, Howard na Theodore Lydecker, walitengeneza sanamu kubwa kidogo kuliko mtu na kuitelezesha juu ya waya mwembamba. Kisha David Sharpe, mwigizaji wa matukio ya hatari, kwa viungo vyake mwenyewe, anajirusha katikati ya maadui. Halafu tunaonyeshwa uso wa Tom Tyler, mwigizaji wa Captain Marvel, na jicho linaamini kuwa wote ni mtu mmoja. Nimeirudia mara nyingi na bado naamini. Tyler alifariki mwaka 1954 akiwa na miaka 50, baada ya maradhi kuukakamaza mwili ule wenye nguvu. Jumamosi ya mwisho tulisimama kimya dakika moja kwa ajili yake, na nawashukuru mliosimama.

Sehemu ya saba ilituharibikia. Nakala tuliyouziwa ilikwama katikati, watu wakarudi nyumbani bila kuona mwisho, na muuzaji hakurudisha fedha. Mwanachama mmoja alitupatia nakala nyingine kabla ya wiki kwisha. Mwakani tutakagua kila nakala kabla ya kulipa.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Wenye deni la ada, tafadhali lipeni.

Kamati inapendekeza mwakani tuonyeshe Superman ya kampuni ya Columbia ya mwaka 1948, yenye Kirk Alyn na sehemu 15. Humo, akiruka, anageuka mchoro wa katuni, na ningependa tulinganishe na waya wa akina Lydecker tukiwa bado tunaukumbuka. Mtaipigia kura leo. Ikipita, tutaanza Jumamosi ya kwanza ya Februari, sehemu moja kwa wiki, na aliyekwisha kuiona asiwahadithie wenzake.

Mwenyekiti