Ukija Krismasi twende Mbudya

Kunduchi, Dar es Salaam
Novemba

Shoga yangu mpenzi,

Hatujambo huku, joto tu ndilo linalotutesa. Umeuliza kama kweli nilikwenda kisiwa cha Mbudya kwa kayaki au natia chumvi. Nilikwenda, na mabega bado yananiuma.

Tuliondoka saa moja asubuhi. Huu ni wakati wa tanga mbili, upepo wa kusi umekwisha na wa kaskazi haujashika, bahari shwari. Kijana aliyetuongoza alitufundisha kupiga kafi kwa kuzungusha kiuno, mikono ifuate. Najua wewe mtoto wa Ukerewe utacheka kusikia watu wanafundishwa kafi. Ila usijidai, shoga: ziwa lako halina kupwa wala kujaa. Yule kijana alipanga siku kwa kutazama mwezi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo una nguvu, na yakishapwa unaogelea tumbo likikwaruza matumbawe. Wageni huwapeleka siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu.

Kisiwani hakuna wakazi. Kuna mibuyu, mivinje na vibanda vya makuti. Ni eneo tengefu la bahari tangu 1975, kwa hiyo unalipa kiingilio na kuvua ni marufuku. Tukatemea mate kwenye vioo vya miwani visiingie ukungu (dada mmoja alikataa katakata, akaishia kuona weupe mtupu), tukauma mirija ya kupumulia, tukaingia majini.

Nisikudanganye, si kote kunapendeza. Pwani hii imepigwa baruti na wavuvi miaka mingi, na kuna mahali unaona vifusi vitupu. Halafu unapiga miguu kidogo, unakuta matumbawe hai na samaki vitatange wawili wawili. Lakini walionishika ni samaki pono. Wanaguguna mawe, na ukitulia unawasikia kabisa: kru, kru. Kumbe mawe hayo wanayasaga na kuyanya yakiwa mchanga! Ule mweupe tunaoutandikia kanga, sehemu yake imetoka matumboni mwao. Nilicheka hadi maji yakaingia kwenye mrija.

Tulikula samaki wa kukaanga na chipsi harakaharaka, kwani muongozaji alitaka tuvuke kabla upepo wa mchana haujapanda. Hata hivyo mawimbi yalitukuta njiani, tukalowa chapachapa.

Ukija, beba fulana ya mikono mirefu. Jua la majini linababua mgongo bila wewe kujua. Na usikate tiketi kabla hujaniambia tarehe, nimuulize kwanza kijana maji yatakuwaje.

Msalimie mama.

Shoga yako wa Kunduchi