Sensa ilitufundisha kazi, semina zinatufundisha kifaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba walimu wa vijijini tumepewa vishikwambi tukavifungia kabatini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Wilaya ya Chamwino, huu ni mwaka wangu wa kumi na sita kazini, nafundisha Sayansi na Hisabati. Kabati analolisema nalijua. Kishikwambi changu kilikaa humo muda mrefu, kati ya boksi la chaki na mizani iliyovunjika mkono, na sikani. Nataka tu nieleze kiliingiaje na kilitokaje, maana wengi wanaozungumzia TEHAMA shuleni huanza na kuishia kwenye idadi ya vifaa.

Agosti 2022 nilikuwa karani wa Sensa ya Watu na Makazi. Walimu wengi tulikuwa makarani. Kabla ya usiku ule wa kuamkia tarehe 23 tulikaa mafunzoni siku nyingi, asubuhi mpaka jioni, na tulichofundishwa ni kuhesabu watu. Ukimkuta mzee amekaa peke yake nje ya nyumba, unaanzaje? Mkuu wa kaya akiwa hayupo, nani anajibu? Mtoto aliyezaliwa usiku wenyewe wa sensa, unauliza nini ili ujue anahesabiwa au hahesabiwi? Kishikwambi kilikuja ndani ya maswali hayo. Ukijaza vibaya, mkufunzi alikurudisha kwenye swali ulilomuuliza mwenye kaya, maana mara nyingi kosa lilianzia hapo kabla halijafika kwenye kioo. Tulitumwa kwenye nyumba za watu kujaribu, tukarudi, kila mmoja akasema alikwama wapi. Kazi yenyewe ilipoanza nilizunguka vitongoji vya mbali, nyumba za tembe na za bati, na kile kifaa kilikuwa mkononi mwangu kama jembe kwa mkulima. Sikuwa nakifikiria. Nilikuwa nawafikiria watu.

Baadaye vishikwambi vikagawiwa walimu ili tufundishie, nikafurahi kwelikweli. Nikaitwa kwenye semina ya siku mbili, ukumbi mmoja, watu zaidi ya mia. Siku ya kwanza tulifundishwa kuwasha na kuzima, kufungua barua pepe na kuweka nywila. Mtandao uligoma kwa nusu ya ukumbi, kwa hiyo nusu ya ukumbi tuliangalia wenzetu wakifanya. Siku ya pili mwezeshaji alitusomea kutoka kwenye projekta faida za TEHAMA katika ufundishaji na ujifunzaji, ukurasa baada ya ukurasa. Nikanyoosha mkono. Nikasema nina watoto 87 darasa la nne na kishikwambi kimoja, na Jumatatu nina somo la uotaji wa mbegu, nifanyeje? Nikajibiwa kwamba mwalimu ni mbunifu. Tukapiga picha ya pamoja tukaondoka.

Jumatatu nikajaribu hivyo hivyo. Nilikuwa nimepakua kitabu kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu, nikaufungua mchoro wa mbegu inayoota na kuuinua juu. Watoto 87, kioo cha ukubwa wa daftari dogo, jua la saa nne linaingia kwenye madirisha yasiyo na kitu. Wa mbele waliona kidogo, wa nyuma wakapanda juu ya madawati, wawili wakagombana. Dakika arobaini zikaisha. Mchoro uleule ningeuchora ubaoni kwa dakika tatu na kila mtoto angeuona.

Kesho yake kikaingia kabatini. Tangu hapo kikawa kinatoka kwa jambo moja tu, kutuma takwimu za shule. Ujumbe unaingia saa tano, taarifa inatakiwa kabla ya saa nane. Naacha darasa na zoezi ubaoni, napanda kwenye mwamba ulio nyuma ya shule ambako mtandao unashika, nanunua bando kwa fedha yangu, najaza, natuma, narudi kipindi kimekwisha. Ndugu Mhariri, lililoniuma ni hilo. Kifaa kilicholetwa kiingie darasani kilikuwa kinanitoa mimi darasani.

Kilichobadilisha mambo ni binti mmoja mwanachuo aliyeletwa kwetu kwa mazoezi ya kufundisha. Nilimlalamikia kuhusu somo lile la mbegu. Hakunieleza lolote kuhusu programu. Aliniuliza, "Mwalimu, ni kitu gani kwenye somo hilo ambacho ubao unashindwa kukuonyesha?" Nikakaa kimya kwanza. Kisha nikamjibu kwamba ubao hauwezi kuonyesha mwendo. Mtoto anaona mbegu leo, anaona mche wiki ijayo, katikati hajui kilitokea nini.

Tukakata chupa ya maji ya plastiki, tukaweka kitambaa chenye unyevu, tukabana punje za mtama kati ya kitambaa na ukuta wa chupa ili zionekane. Tukapanga matofali mawili mbele ya chupa, tukachora alama ya chaki mahali pa kukiegemeza kishikwambi. Kila asubuhi kabla ya mstarini wanafunzi wawili, zamu kwa zamu, walipiga picha moja kutoka alama ileile. Jumamosi na Jumapili walikuja wanaokaa karibu na nyumba yangu. Siku ya tatu kilichomoza kitu cheupe chembamba kuelekea chini. Hatukuhitaji bando wala projekta, na umeme ulihitajika mara moja tu kwa siku mbili, kuchaji.

Siku ya kumi nikaligawa darasa makundi manane. Kundi moja likiwa na kishikwambi, mengine yalipima miche ya maharage kwa rula na kujaza jedwali kwenye madaftari. Mtoto mmoja akazisukuma picha haraka kwa kidole, na mtama ukasimama mbele ya macho yao. Kuna msichana ambaye huwa hasemi darasani. Alisema kwanza kwa Kigogo, kisha kwa Kiswahili, "Mwalimu, umeamka!" Halafu akauliza mbona mzizi umetangulia kabla ya jani. Miaka yote nimekuwa nikiwaandikia jibu hilo ubaoni wakalinakili, na hapakuwahi kutokea mtoto wa kuniuliza swali lake. Mvulana wa nyuma akamjibu kwamba unatafuta maji, kwani baba yake mwaka ule alipanda mvua ya kwanza, mvua ikakata, uwele ukafia ardhini ukiwa umeshachipua. Kwetu Dodoma mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na hakuna mtoto asiyejua maana ya mvua ya kwanza kudanganya. Tulizungumza mpaka kengele ikagonga na hawakutaka kutoka.

Mwenzangu wa darasa la pili alipoona hivyo naye akauliza swali lilelile la mwanachuo. Watoto wake wengi nyumbani wanazungumza Kigogo, wanakuja kukutana na Kiswahili cha kusoma shuleni. Akaanza kuwarekodi wakisoma, dakika moja kila mmoja, kisha anawasikilizisha. Mtoto anaposikia sauti yake inarukaruka kwenye silabi, anajisahihisha mwenyewe kabla ya mwalimu kufungua mdomo. Kwenye kikao cha wazazi alimsikilizisha mama mmoja sauti ya mwanawe ya Februari na ya Juni. Yule mama aliomba arudiwe mara tatu. Kwa somo la umeme mimi sasa naanza na betri na balbu ya tochi mezani, zikishawaka ndipo nafungua jaribio la sakiti la kuigiza kwenye kioo, la PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, ambalo ni bure na ukishalipakua halidai intaneti. Humo mtoto anaona chembe za umeme zikitembea ndani ya waya, jambo ambalo waya wa kweli hauwezi kumwonyesha.

Mama yangu ana umri wa kukumbuka redio ya 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Anasema hawakuisikiliza kila mtu kwake. Walikaa kikundi chini ya mti, kiongozi aliyefundishwa kabla, kijitabu mkononi, kipindi kinasikilizwa, redio inazimwa, halafu ndipo mazungumzo yanaanza: choo chetu kiko wapi, maji tunateka wapi. Wakatoka hapo wakaenda kuchimba. Redio ilikuwa ya muda mfupi na kazi ilikuwa ya kikundi. Nadhani nchi hii ilikwisha kulijua jambo hili zamani, na sensa ikalijua tena juzi, sijui kwa nini tunalisahau tukifika darasani.

Sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi tunayo tangu 2007, mwaka uleule kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho kina ndaki nzima ya mambo ya kompyuta hapa hapa mkoani kwetu. Mitaala mipya iliyoanza Januari 2024 nayo inatutaka tufundishe kwa vifaa hivi. Ninachoomba kwa wanaoandaa semina ni kwamba mtuite na maandalio yetu ya masomo. Kila mwalimu aje na somo moja linalomshinda. Tulipange hapo, kesho yake tulifundishe kwa watoto halisi, 80 au 90, kwa kifaa kimoja, wenzetu wakiwa wamekaa nyuma wanatazama, jioni tuambiane ukweli. Mwalimu akitoka hapo na somo moja lililokubali, mengine atayatafuta mwenyewe. Nywila ataweka njiani.

Na vishikwambi vijazwe vitabu, sauti na majaribio kabla ya kufika huku, kwa sababu shule yenye mtandao juu ya mwamba tu haiwezi kupakua vya darasa zima. Na takwimu zitafutiwe saa isiyokuwa ya kipindi. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wanapokuja, wasiniulize kama nimetumia kifaa. Kuna siku ubao unatosha, na siku hiyo mwalimu aliyeacha kishikwambi ofisini amefanya uamuzi wa kitaaluma. Waniulize watoto wamejua nini leo ambacho jana hawakukijua.

Vumbi la Agosti ni adui mwingine, linaziba tundu la chaja mpaka simu na vishikwambi vinakataa moto. Sisi tunavifunga kwenye mfuko wa nailoni na kipande cha kanga. Nalitaja kwa faida ya walimu wenzangu wa Bahi, Chemba na Manyoni.

Msomaji aliyeandika kuhusu kabati namkaribisha kwetu. Tuna saa ya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, kila Jumatano alasiri, walimu saba, tunakaa chumba cha darasa la tatu kwa sababu madirisha yake yanatazama mashariki na jua linakuwa limehama. Wiki hii ni zamu ya mwalimu wa Hisabati darasa la tano, na somo linalomshinda ni lile la sehemu, yaani nusu, robo na theluthi.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Chamwino, Dodoma