Barua ya wazi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi: nimpimie mteja mlango wa unene gani?

Afande Camillus Wambura,
Inspekta Jenerali wa Polisi,
Dodoma.

Tegeta, Dar es Salaam
Oktoba 2025

Shikamoo afande.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Natengeneza mageti, grili na milango ya chuma hapa Tegeta, kwenye kibanda kando ya Barabara ya Bagamoyo, mwaka wa 19 sasa. Sina chama na sina cheo. Nakuandikia kwa sababu majuma haya mawili nimepata oda nyingi kuliko Agosti nzima, na nadhani unajua zimetoka wapi.

Familia ya Humphrey Polepole, aliyekuwa balozi wetu Cuba, inasema alfajiri ya tarehe 6 Oktoba watu waliuvunja mlango wa nyumba yake kule Ununio wakaondoka naye. Kutoka hapa kibandani hadi Ununio ni mwendo wa bodaboda usiozidi hata wimbo mmoja wa taarabu. Picha za mlango na za damu zilitufikia kwenye simu kabla chai haijachemka. Wenzangu waliangalia damu. Mimi, Mungu anisamehe, niliangalia mlango.

Ndiyo akili ya fundi. Kila nyumba ikivunjwa mtaani huitwa kwenda kuziba, na nimeona mengi. Watu wanadhani mlango unavunjikia kwenye kitasa, kwa hiyo wananunua kitasa cha bei kubwa, wakati ubao wenyewe ni mninga mzuri lakini fremu imeshikiliwa na misumari minne kwenye tofali za inchi tano. Ukipigwa teke mara tatu, kitasa kinabaki kizima na fremu ndiyo inayolala chini pamoja nacho. Fremu inatakiwa iwe na mikono ya nondo iliyoingia ukutani na kumwagiwa zege. Bawaba zisikae nje, maana hukatwa kwa grinda dakika moja. Grili za madirisha wezi wa siku hizi hawazikati kabisa. Wanaingiza jeki ya gari katikati ya nondo mbili, wanazungusha taratibu bila kelele, nondo zinaachana kama mapazia. Na nikifunga grili nyumba nzima, lazima dirisha moja liwe la kufunguka kwa ndani, funguo ikae mahali kila mtoto anapajua, kwa sababu moto ukiwaka, grili hiyo hiyo ndiyo inayowafungia watu ndani. Wateja hawapendi kusikia habari hiyo, ila mimi huwaambia.

Hayo yote ni ya mwizi. Mwizi namjua, afande. Mwizi ana haraka, anaogopa taa, anaogopa mbwa, anaogopa jirani akikohoa. Mlango wangu kazi yake ni kumchelewesha dakika kumi, na dakika kumi zinamtosha yeye kughairi.

Wateja wa safari hii hawaji kwa ajili ya mwizi. Juzi alikuja mama mmoja mtu mzima kutoka Boko, mstaafu, akakaa kwenye lile benchi langu lililoungua cheche, akanisikiliza nikimweleza habari za fremu na mikono ya nondo hadi mwisho. Kisha akaniuliza: "Sasa mwanangu, wakigonga saa nane usiku wakasema, fungua, sisi polisi, nifungue au nisifungue?"

Nilinyamaza. Akifungua kumbe si polisi, ndiyo basi tena. Asipofungua kumbe ni polisi kweli, amekaidi amri halali na mlango atavunjiwa kihalali. Hakuna chuma kinachoweza kumsaidia kuchagua. Mimi najua kutengeneza mlango unaotofautisha aliye na funguo na asiye nayo. Mlango unaotofautisha askari na mtekaji huo siuwezi. Ni wewe peke yako unayeweza kututengenezea, na barua hii ni oda yake.

Kumbuka yule mwandishi wa gazeti la Mwananchi, Azory Gwanda, tarehe 21 Novemba 2017, kule Kibiti. Gari jeupe lilifika alikokuwa mkewe, na Azory alikuwamo ndani pamoja na watu wengine. Mke alikuwa shambani. Mume akamuuliza funguo ya nyumba iko wapi, akamwambia anasafiri kwa dharura, atarudi kesho. Mke aliporudi nyumbani akakuta vitu vimepekuliwa. Hakuna bawaba iliyokatwa pale, hakuna nondo iliyopindishwa. Funguo iliombwa kwa upole na ikaelekezwa ilipo. Mwezi ujao inatimia miaka minane hajaonekana.

Kumbuka mzee Ali Kibao, kada wa Chadema, tarehe 6 Septemba mwaka jana, hapa hapa Tegeta. Basi la kwenda Tanga lilizuiwa mbele za watu, wenye silaha wakapanda, wakamtia pingu, wakashuka naye, na siku ya pili maiti yake ikaokotwa Ununio. Watu wa mbali hutuuliza kwa dharau: abiria wote hao hawakuwa na mikono? Walikuwa nayo. Lakini mtu akishika bunduki na pingu, Mtanzania aliyelelewa kuheshimu dola anakaa kwenye kiti chake. Watekaji wanaishi kwa adabu yetu hiyo. Kila mara mtu asiyejulikana anapolitumia jina lenu akafanikiwa, anakuwa amekuibia wewe kabla hajatuibia sisi, na mimi nashangaa sioni hasira ya mwenye mali.

Rais mwenyewe aliagiza uchunguzi wa mauaji yale ufanyike haraka na taarifa apelekewe. Imepita mwaka na mwezi. Mimi ninayeishi hatua chache kutoka basi liliposimamishwa sijasikia mlichokipata.

Sasa niseme la uvumi, na hapa nianze kwa kujishitaki mwenyewe.

Kipindi kile cha msiba wa mzee Kibao ilizunguka sauti kwenye kundi letu la WhatsApp la mafundi. Mtu anasema kwa uhakika kabisa kwamba gari la watekaji ni Noah nyeusi yenye vioo vya giza, inaonekana mitaa ya huku jioni, na picha ya Noah ikaambatanishwa, namba zinasomeka vizuri. Niliisambaza kwenye makundi matatu. Sikufikiri hata sekunde, nilijiona nalinda mtaa. Siku nne baadaye Noah ile ikaletwa kibandani kwangu. Mlango wa pembeni umebonyea, kioo kimoja hakipo, dereva ana plasta juu ya jicho. Anabeba wanakwaya na watu wa harusi, vioo vya giza alivikuta alipoinunua. Vijana wa kijiweni walimsimamisha, wakamwambia ashushe watoto aliowateka. Ndani mlikuwa na spika mbili na sare za kwaya.

Nilinyoosha mlango ule siku nzima. Nilimtoza nusu. Sikumwambia sababu, na mpaka leo anadhani mimi ni mtu wa huruma.

Mtaniambia, na mmeshasema mara nyingi, kwamba wananchi waache kusambaza mambo wasiyo na uhakika nayo. Kweli tupu. Mmesema pia kwamba wengine hujiteka wenyewe, wengine ni madeni, wengine ni mapenzi. Siwezi kubisha, mtaani tunayaona hayo. Ila uvumi ni kama maji, afande, unajaza shimo lililoachwa wazi. Mlipotoa taarifa kuhusu Polepole mlisema mmeziona habari hizo mitandaoni na mmeanza kuzifuatilia. Baada ya hapo sisi mtaani hatujasikia yuko wapi, na kimya hicho kimeshazaa hadithi sita hapa kibandani peke yake, kila moja na shahidi wake aliyeambiwa na shemeji yake. Mtandao wa X ulifungwa Mei 2025. Haikusaidia kitu, watu wanaingia kwa VPN, na wasioijua VPN wanasimuliwa na walioingia, hapo ndipo chumvi inapoongezwa.

Mkiamua kusema, mnaweza. Mo Dewji, yule tajiri, alipotekwa Oyster Bay tarehe 11 Oktoba 2018, siku za mwanzo nchi nzima ilikuwa inapiga ramli. Familia ilitangaza zawadi ya shilingi bilioni moja, na kila kona ikawa na mpelelezi. Kisha mtangulizi wako, Afande Sirro, akatoka hadharani akaonyesha picha ya gari, akalitaja kuwa ni Toyota Surf, akataja namba zake na kwamba liliingia kutoka nchi jirani. Usiku wa kuamkia tarehe 20 mtu akaachwa kwenye viwanja vya Gymkhana akiwa hai. Sisemi picha ile ndiyo iliyomrudisha, sijui yaliyokuwa nyuma ya pazia. Nasema tu kwamba tangu picha ile itoke, hapa kibandani watu waliacha kubuni magari, wakawa wanalitafuta moja.

Linganisha na Azory. Julai 2019 Profesa Kabudi, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliiambia BBC kwamba alitoweka na kufariki, halafu ikaelezwa kuwa maneno yake hayakueleweka alivyokusudia. Tukiyasema sisi mafundi unaitwa uvumi. Yakitoka kwa waziri mke wa mtu anayashika vipi? Avae kaniki au aendelee kusubiri?

Agosti mwaka jana Chama cha Mawakili wa Tanganyika kilitoa majina ya watu 83. Naomba muyachukue majina hayo na yaliyoongezeka, na kila jina liwe na ukurasa wake kwenye tovuti ya Jeshi: aliripotiwa lini, RB, ile namba ya kuripoti polisi, ilifunguliwa kituo gani, mara ya mwisho jalada limeguswa tarehe ngapi. Siri za upelelezi bakini nazo. Hata mkiandika "hakuna jipya", kwa tarehe, ni bora kuliko kutuachia sisi tujaze. Na kama mmegundua fulani alijiteka, andikeni hapo hapo na ushahidi wake, mtaona midomo inavyofunga.

Lakini lile la mama wa Boko ndilo linaloniuma zaidi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka hati ya upekuzi itekelezwe kati ya jua kuchomoza na kuzama, mpaka mahakama iruhusu vinginevyo. Ibara ya 16 ya Katiba inataja wazi hifadhi ya maskani ya mtu. Kwa hiyo kugongewa saa nane usiku, kwa mtu asiyekimbia na mwenye anwani inayojulikana, kulitakiwa kuwe ni jambo la nadra. Toa amri, afande, ya maandishi, isomwe misikitini, makanisani na redioni: askari wakija nyumbani kumkamata mtu usiku, waje na sare au vitambulisho vinavyopitishwa kwenye grili, na waje na mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe ambaye sauti yake tunaijua. Kila kata ina polisi kata, namba yake ibandikwe kwenye nguzo za umeme badala ya zile za waganga wa kienyeji. Na mama akipiga 112, namba ya dharura, akataja jina la mtaa wake, apokee mtu mwenye orodha ya kazi za usiku huo, amjibu neno moja: ni wetu, au si wetu. Likiwa la pili, na gari litoke.

Najua mtasema mhalifu mkubwa atapata muda wa kutoroka dirishani. Afande, madirisha yake nimeyawekea grili mimi. Zungushieni nyumba, subirini mwenyekiti avae kandambili aje.

Mimi kwa hesabu za mfukoni ningekaa kimya. Kila mtu akitekwa nauza. Wiki iliyopita nimelipa ada ya mtoto ya muhula mzima kwa hela ya woga wa watu, na sikujisikia vizuri nilipokuwa naihesabu, ila niliihesabu mpaka mwisho.

Mama wa Boko ameshatoa malipo ya awali. Mlango wa nje ameuacha ulivyo, anasema huo wataupita tu. Anataka wa ndani, wa chumbani anakolala na wajukuu wawili: futi tatu kwa saba, komeo tatu kwa ndani, pasiwe na tundu la funguo upande wa nje. Kipimo ninacho kwenye daftari. Ameniuliza bati liwe la unene gani ili litoshe mpaka msaada ufike, na mimi nimemwambia anipe siku chache, kuna mtu inabidi nimuulize kwanza msaada wake unachukua dakika ngapi.

Ndimi,
Fundi mageti, Tegeta