Taarifa ya Mwenyekiti: Neno "Bingwa" Mlangoni

Ndugu wanachama,

Ya ada na hesabu nawaachia Mhazini. Mimi nitasema la ubingwa, yaani nani kati yetu wapima macho aitwe bingwa, maana ndilo lililotula mwaka mzima.

Sheria ya Optometria (upimaji wa macho) ya Tanzania ya mwaka 2007 ilitupa Baraza, usajili na leseni. Lakini leseni inasema tu kwamba unaruhusiwa kupima macho. Haisemi kama unaweza kumvisha lenzi mwenye keratokonasi, yaani kioo cha mbele cha jicho kilichochongoka, au kumsaidia mwanafunzi mwenye ualbino, ambaye macho yake yanachezacheza na mwanga unamuumiza, asome ubaoni. Hata hivyo mabango ya "bingwa wa macho ya watoto" yanaongezeka mitaani.

Kamati ilipokea malalamiko ya mzazi mmoja. Mtoto alipimwa kwa mashine, bila matone ya kulegeza misuli ya jicho, akapewa miwani ya minasi, ya wasioona mbali. Alipopimwa upya kwa matone, alikuwa wa plasi, yaani kinyume chake. Jicho la mtoto hujikaza lenyewe kuangalia karibu, na mashine husoma mkazo huo kama kutoona mbali. Mashine ilisoma ilichokiona; aliyeiamini bila kuuliza ndiye aliyekosea. Bango lake lilikuwa zuri sana.

Rasimu yetu ya kanuni za ubingwa inaanza na maeneo matatu: watoto, uoni hafifu, na lenzi za kuvaa machoni. Mwombaji ataleta daftari la wagonjwa aliowahudumia chini ya msimamizi, kisha atahojiwa juu yao. Wapo walioomba semina zitoshe. Nimekataa, na nitaendelea kukataa: cheti cha semina kinathibitisha kwamba ulikuwepo wakati wa chakula cha mchana.

Hoja iliyonigusa ni ya wenzetu wa Katavi na Mtwara: msimamizi watampata wapi? Kuwaita wote Moshi, hospitali ya KCMC, ni kuwafungia vituo vyao. Tumefikiria wiki chache hospitalini, na kesi nyingine zijadiliwe kwa simu. Sijaridhika bado.

Msidhani ugomvi huu ni wetu peke yetu. Marekani, bodi ya kuwathibitisha wapima macho iliyoanzishwa 2009 ilishtakiwa na wanataaluma wenzao, wakidai maneno ya cheti chake yanapotosha wagonjwa. Bodi ilishinda, ila waligombana hadi mahakamani. Sisi tugombanie ukumbini.

Rasimu mnayo. Kifungu cha mikoani tumekiacha wazi. Njooni na maneno ya kukijaza. Na walioandika "bingwa" milangoni, wafute kabla ya mkutano. Fundi wa mabango hatozi sana kwa neno moja.

Mwenyekiti