Agizo la daktari halimwondolei muuguzi dhamana yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalojirudia kila mgonjwa anapodhurika hospitalini na habari ikafika magazetini. Utetezi wa kwanza kusikika, mara nyingi kutoka kwa watu wanaomtakia mema muuguzi, ni kwamba "alitekeleza tu alichoagizwa na daktari". Kisheria utetezi huo hausimami, na kitaaluma unamshusha hadhi muuguzi mwenyewe. Muuguzi msajiliwa ana usajili wake na leseni yake chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya Tanzania ya mwaka 2010. Hafanyi kazi chini ya leseni ya daktari. Anaposhika sindano, anayeulizwa ni yeye.

Nichukue mfano ambao kila mkunga wa leba anaujua. Mama ana kifafa cha mimba. Daktari anaagiza magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, kwa utaratibu uliozoeleka: gramu 4 kwenye mshipa polepole, kwa dakika zisizopungua 5, kisha gramu 5 kwenye kila tako zikichanganywa na mililita 1 ya lignokeni (dawa ya ganzi) ya asilimia 2, halafu gramu 5 kila baada ya saa 4, tako hili na lile kwa kupokezana, mpaka zipite saa 24 tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, kwa kuhesabu kuanzia lile lililotokea baadaye. Hilo ndilo agizo. Lakini kabla ya kila dozi ya saa 4 kuna mambo matatu ya kupima: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti likigongwa mguu uruke, na mkojo wa saa 4 zilizopita usipungue mililita 30 kwa kila saa. Kimoja kikikosekana, dozi inasubiri na daktari anaitwa. Sababu yake ni kwamba dawa hii hutolewa mwilini na figo. Mkojo ukipungua, dawa inajazana. Kwanza goti halijibu, kisha pumzi zinapungua, mwisho zinakatika. Dawa ya kupambana na sumu hiyo, kalsiamu glukonati gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, inatakiwa iwe kando ya kitanda tangu dozi ya kwanza, na si ndani ya kabati ambalo ufunguo wake umeondoka na mtu aliyekwenda kula.

Muuguzi aliyechoma dozi ya saa 10 alfajiri kwa sababu chati inasema saa 10, bila kugonga goti wala kutazama mfuko wa mkojo, ametekeleza agizo neno kwa neno. Mama akiacha kupumua, atakayejibu si daktari aliyeandika agizo sahihi. Atajibu muuguzi huyo, kwa sababu upimaji ule ni kazi ya muuguzi hata pale ambapo hakuna aliyeuandika.

Dawa hiyohiyo ina mtego mwingine, na huu unaanzia stoo. Magnesiamu ya asilimia 50 huja katika ampuli (kichupa cha dawa ya sindano) ya mililita 10 yenye gramu 5, na pia katika ampuli ya mililita 2 yenye gramu 1. Wodi iliyozoea ampuli kubwa ina msemo wake wa "ampuli moja kila tako". Siku stoo ikileta ndogo, mama anapata gramu 1 mahali pa 5, na degedege linarudi. Wodi iliyozoea ndogo inasema "ampuli nne za mshipa"; ikiletewa kubwa, hizo ni gramu 20. Ndiyo maana dawa haihesabiwi kwa ampuli, inahesabiwa kwa gramu, na lebo inasomwa mara tatu: wakati wa kuitoa kabatini, wakati wa kuivuta, na kabla ya kuirudisha au kuitupa. Kwa dozi ya mshipani, mililita 8 za asilimia 50 zikiongezwa mililita 12 za maji ya sindano zinatoa mililita 20 za asilimia 20, ndani yake mna gramu 4. Hesabu hiyo afanye mmoja, mwingine airudie bila kuonyeshwa jibu la kwanza.

Potasiamu kloridi, dawa ya kurudisha potasiamu iliyopungua mwilini, ni hatari zaidi, kwa kuwa ampuli yake inaweza kufanana na ya maji ya sindano na makosa yake hayasubiri. Ampuli ya mililita 10 ya asilimia 15 ina milimoli 20 (milimoli ni kipimo cha kiasi cha potasiamu). Ikisukumwa mshipani bila kuchanganywa, moyo unasimama. Inatiwa kwenye dripu, dripu inageuzwageuzwa mara kadhaa kabla ya kutundikwa, maana isipochanganyika vizuri inatuama chini karibu na mrija na mgonjwa anaipokea yote mwanzoni. Katika wodi ya kawaida, isiyo na mashine ya kufuatilia moyo, haizidi milimoli 10 kwa saa. Daktari aliyechoka akiandika kwenye faili kwamba isukumwe moja kwa moja, muuguzi ana wajibu wa kukataa. Narudia: wajibu. Hapo hana hiari, na si utovu wa nidhamu.

Kukataa kuna namna yake. Unampigia aliyeandika na kumsomea agizo lake kama lilivyo, unamtajia kinachokutia wasiwasi kwa namba ("hii ni milimoli 20 bila kuchanganywa"), unamwomba aandike upya. Akishikilia msimamo, unapanda ngazi: muuguzi mfawidhi wa wodi, kisha mganga mfawidhi au daktari bingwa aliye kwenye zamu ya simu. Wakati huo wote mgonjwa hatelekezwi. Presha, mapigo na pumzi vinaendelea kupimwa. Kisha unaandika kwenye faili: saa uliyopiga, uliyeongea naye na cheo chake, ulichosema, alichojibu. Usiandike hasira wala maoni yako juu ya tabia yake.

Agizo la simu nalo lina taratibu zake. Liandikwe papo hapo, lisomwe kwa sauti kwa aliyelitoa, tarakimu zitajwe moja moja ("moja, tano"), naye athibitishe. Inafaa muuguzi wa pili asikilize. Daktari aje asaini ndani ya muda uliowekwa na hospitali. Agizo la simu ambalo halijaandikwa popote, mahakamani halitofautiani na dawa ambayo muuguzi amejiamulia mwenyewe.

Wasomaji wengi hawajui kwamba tukio moja linaweza kumfikisha muuguzi sehemu nne tofauti, na kusafishwa kwenye moja hakumsafishi kwenye nyingine. Upande wa jinai, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 233, inahusu vitendo vya uzembe vinavyohatarisha maisha, ukiwemo utoaji wa tiba na dawa kwa uzembe. Mgonjwa akifa, shitaka linaweza kupanda hadi kuua bila kukusudia. Upande wa madai, familia inaweza kudai fidia, na kwa kawaida mwajiri naye anaunganishwa kwa kuwa kosa limetendwa na mtumishi wake akiwa kazini. Baraza la Uuguzi na Ukunga linasikiliza malalamiko ya kitaaluma na linaweza kumwonya muuguzi, kumsimamisha au kumfuta kwenye rejesta. Mwisho kuna nidhamu ya mwajiri. Na madai ya aina hii yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 3. Baada ya miaka 3 hakuna muuguzi anayekumbuka pumzi za mgonjwa wa kitanda cha dirishani usiku wa Jumanne. Faili ndilo linalokumbuka.

Ndiyo maana naomba nikae kidogo kwenye suala la kuandika. Patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, inataka mapigo ya moyo ya mtoto na uchungu kila nusu saa, kufunguka kwa njia ya uzazi na presha kila saa 4. Patografu iliyojazwa baada ya mtoto kuzaliwa inajulikana kwa kuitazama tu: kalamu moja, mwandiko wa mkao mmoja, nukta zimepangana bila kuyumba, mapigo ni 140 kila mara wakati mtoto alizaliwa amechoka na hakulia. Mwanasheria wa familia akiweka karatasi hiyo pembeni ya rejesta ya leba, muuguzi ameongeza kosa la kughushi juu ya kosa ambalo huenda hata halikuwapo. Kama ulizidiwa na kazi ukachelewa kuandika, andika ukweli: "Saa 15:40, naandika tukio la saa 14:15", kisha saini na jina kamili. Ukikosea neno, piga mstari mmoja ili lililokosewa liendelee kusomeka, weka saini ndogo na saa. Hakuna kufutafuta, hakuna wino mweupe, hakuna kuchana karatasi.

Na saa zenyewe: faili la hospitali litumie saa 24, bila kubadilibadili. "Dawa ya saa 8" kwa muuguzi mmoja ni mchana, kwa mwingine aliyeisoma kwa hesabu ya Kiingereza ni asubuhi, na hapo mgonjwa anapata dozi mbili au anakosa zote. Ndugu wanapoeleza degedege lilianza saa ngapi, wanataja saa za Kiswahili. Ziulizwe vizuri, zigeuzwe, ndipo ziandikwe.

Suala la kukasimu kazi nalo linaumiza wengi. Muuguzi msajiliwa akimwachia mwanafunzi au mhudumu wa afya kuchoma sindano, kazi imehama lakini dhamana haikuhama. Mhudumu aliyezoea kuchoma kwa miaka mingi bado hana leseni ya kuchoma. Mwanafunzi anachoma akiwa amesimamiwa, na msimamizi anasaini pamoja naye.

Najua jibu litakalotolewa hapa: wauguzi ni wachache. Ni kweli kabisa, na ni dhuluma kumwacha muuguzi mmoja na wodi nzima usiku halafu kumhukumu kana kwamba walikuwa wanne. Mizani ya sheria ni kile ambacho muuguzi makini angefanya katika mazingira yaleyale, hivyo mazingira yana uzito, mradi yaandikwe. Zamu ikianza na upungufu, andika kwenye kitabu cha ripoti: tarehe, idadi ya wagonjwa, wangapi mahututi, wahudumu wangapi, nani amejulishwa na saa ngapi. Karatasi hiyo inahamishia swali kwa aliyepanga zamu. Kilicho marufuku ni kuondoka kabla ya kumkabidhi mwenzako wagonjwa kitanda kwa kitanda. Afya imo katika huduma muhimu zilizotajwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa hiyo hata mgomo una masharti yake.

Kuhusu utambulisho, nchi hii ina somo lake. Mwaka 2007 jijini Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa: aliyepaswa kupasuliwa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji yenye vituo vitatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji. Lakini ulinzi unaanzia wodini. Mgonjwa haulizwi "wewe ndiye Asha?", kwa sababu mwenye maumivu au aliyekwishapewa dawa ya usingizi huitikia lolote. Anaulizwa "majina yako matatu ni nani? Unakwenda kufanyiwa nini?", na majibu yanalinganishwa na faili na utepe wa mkononi. Namba ya kitanda haimtambulishi mtu. Vivyo hivyo fomu ya ridhaa: anayeeleza upasuaji na hatari zake ni anayepasua, saini ya muuguzi inashuhudia tu kwamba mgonjwa ameelewa na amesaini kwa hiari. Mgonjwa akisema "sijaelezwa", kitanda hakisogei.

Siri za mgonjwa sitazirefusha. Picha ya kidonda kwenye kundi la WhatsApp, hata uso ukifichwa, ni taarifa ya afya ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaiweka katika taarifa nyeti. Majibu ya VVU yana ulinzi wake tangu Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008. Shangazi aliyelipa bili hajanunua majibu.

Kosa likishatokea, mambo yafuate mpangilio huu: mgonjwa kwanza, kwa kusimamisha dawa, kupima na kuita msaada, kisha taarifa kwa daktari na mfawidhi, ampuli tupu, bomba la sindano na dripu vihifadhiwe, visitupwe, kisha fomu ya tukio, iandikwe kwa yaliyoonekana tu. Hospitali nyingi bado zinaipokea fomu hiyo kama ungamo la kutafutia adhabu, na matokeo yake haijazwi. Wafawidhi wanaweza kubadilisha hilo bila kungoja bajeti. Vilevile waiondoe potasiamu kwenye kabati la wodi za kawaida na kuitunza famasia, waweke fomu za agizo la simu karibu na simu, na wabandike hesabu ya magnesiamu ukutani leba kila stoo inapoleta ampuli za ujazo tofauti.

Kwa ndugu wa wagonjwa: muulizeni muuguzi jina na cheo chake, ana wajibu wa kujitambulisha. Mkiona dozi tofauti na ya jana, ulizeni kabla haijaingia. Mkiwa na malalamiko, andikeni tarehe, saa, wodi na mlichokiona, mpeleke kwa muuguzi mfawidhi au mganga mfawidhi na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Msiporidhika, nakala hiyohiyo ndiyo ya kupeleka Barazani.

Mkufunzi wa uuguzi na ukunga,
Morogoro